Njia ya baiskeli kutoka Kongowea hadi Marikiti: pesa ya kaunti hukwama wapi

Alfajiri, kabla foleni haijaanza, baiskeli huvuka Daraja la Nyali kuingia kisiwa cha Mombasa: mikate, madafu, walinzi wanaotoka zamu, mafundi wenye misumeno imefungwa kwenye keria. Darajani hubanana na waendao kwa miguu. Wakishuka Buxton, upande wa kisiwani, huingia katikati ya matatu na tuktuk, kila mtu na Mungu wake.

Kisa tunachokichambua ni cha mfano. Kikundi cha waendesha baiskeli wa Kisauni na Kongowea kinaiomba serikali ya kaunti ijenge njia ya baiskeli kutoka soko la Kongowea, juu ya daraja, hadi soko la Marikiti. Mitaa, sheria na tarehe ni halisi. Urefu, bei na mwenendo wa mradi tumeuweka sisi ili hesabu ionekane, kwa hiyo bei za hapa zichukue kama mizani. Za kutumia utazipata kwa mhandisi wa kaunti, kwa mwaka husika.

Ombi la kwanza la kikundi lilikuwa barua ya ukurasa mmoja, imeandikwa mwezi wa Mei: "Tunaomba njia ya baiskeli Kongowea hadi Marikiti." Barua ya adabu kabisa, na ilikuwa na makosa matatu. Barabara yenyewe si ya mwenye kuombwa, mwezi umepita, na hakuna kiasi.

Barabara ni ya nani

Hili ndilo swali la kwanza, na watu wengi hulifikia la mwisho. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma. Barabara kuu za taifa zimebaki kwa serikali ya kitaifa kupitia mashirika yaliyoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa zile za mijini zilizo chini yake, KeRRA kwa za mashambani.

Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, liko kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi. Hilo ni la KeNHA. Kaunti ikimwaga hata toroli moja la zege pale bila makubaliano, mkaguzi wa hesabu atauliza pesa ya kaunti inafanya nini kwenye mali ya taifa, na atakuwa na haki. Njia halali ipo: Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine jukumu kwa makubaliano. Lakini makubaliano ya namna hiyo hayaandikwi kwa wiki mbili, na wala hayapaswi kuuzuia mradi mzima.

Kwa hiyo ombi likakatwa vipande viwili. Cha kwanza, Kongowea hadi Buxton pamoja na daraja, kiliandikiwa KeNHA kwa barua ya peke yake. Huko hakukuombwa ujenzi mpya. Kiliombwa kitu kidogo kinachoweza kuingia katika matengenezo ya kawaida: kusawazisha miinuko mwanzoni na mwishoni mwa njia ya miguu darajani, na kufunika mashimo ya maji. Cha pili, barabara za mtaa kutoka Buxton kupita Tononoka hadi karibu na Marikiti, mita 1,800, kikabaki kwa kaunti. Kuanzia hapa kisa chetu ni cha hizo mita 1,800.

Kuna jaribu la kusema, "bila daraja haina maana." Ina maana. Kwenye daraja mtu ana njia ya miguu ya kujificha, hata kama ni ya kubanana. Hatari kubwa iko akishashuka, kwenye makutano.

Mei umechelewa

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kwa sababu hiyo watu hudhani bajeti huandikwa Juni. Juni huandikwa saini tu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga hivi: waraka wa kuanza bajeti hutoka kufikia Agosti 30, mpango wa maendeleo wa mwaka, ule wanaouita ADP, hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28, makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Kikao cha ushiriki wa umma cha Mei, chenye mahema na maji ya chupa, kinajadili kitu ambacho vikomo vyake viliwekwa Februari. Mheshimiwa mwakilishi wadi anaweza kukuunga mkono kwa moyo wote, lakini Kifungu cha 131 cha sheria hiyo kinamtaka akiongeza hapa, apunguze pengine. Yaani anatafuta wa kumnyang'anya.

Juu ya yote hayo kuna Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: hakuna pesa ya umma itakayotengwa nje ya mpango. Maana yake kwa lugha ya mtaani ni kwamba mradi usio na mahali katika mpango wa miaka mitano, CIDP, na katika ADP ya mwaka, hata ukipendwa hauna mlango. Bahati ni kwamba mipango hii huandikwa kwa upana. Ukikuta mstari unaosema "kuboresha njia za waendao kwa miguu na usafiri usiotumia injini", huo unakutosha. Unautaja kwa ukurasa na nambari yake, ombi lako linaning'inia hapo.

Kikundi kikakubali kupoteza mwaka mmoja na kupeleka memoranda mpya mwezi wa Julai, wakati ADP bado ni rasimu mezani kwa maafisa wa mipango. Ndiyo dirisha zuri kuliko yote na halina foleni. Hapo husongwi na wafanyabiashara wala wanaotaka zahanati, maana hao wote wanasubiri mahema ya Mei.

Memoranda yenyewe ilikuwa na sentensi moja ya kazi: "Njia ya baiskeli ya pande mbili, upana mita 3, urefu mita 1,800, Buxton hadi Marikiti, wadi za Tononoka na Mji wa Kale/Makadara, iandikwe kama mradi wenye mstari wake katika idara ya uchukuzi." Maneno mazito hapo ni "mstari wake". Njia ya baiskeli ikiingizwa ndani ya mradi mkubwa wa kukarabati barabara, inakuwa nyama ya kwanza kukatwa. Mkandarasi akipungukiwa, lami haiguswi. Kinachotolewa ni ule ukanda wa pembeni, na hakuna jedwali litakaloonyesha kwamba kuna kitu kimetoka, kwa sababu hakikuwa na jina. Ukiwa na mstari wake, kuufuta lazima kupitie bajeti ya nyongeza, mbele ya bunge la kaunti, na jina likisomwa.

Ndiyo maana hatuwi na shauku kubwa na sera za asilimia. Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, yenye ahadi ya asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa usafiri huo na wa umma. Ni sera nzuri kuwa nayo. Ila asilimia haina mita, wala mtaa, wala mtu wa kuulizwa. Mstari wa shilingi milioni 20 wenye jina la mtaa utalindwa na watu wa mtaa huo.

Milioni 20 zilitoka wapi

ADP ikatoka, na mradi umo: "Njia ya baiskeli Buxton–Marikiti, sh. 20,000,000." Shangwe. Tuangalie sasa kiasi hicho kilivyopatikana.

Mtu alichukua mita 1,800 akazidisha kwa 3, akapata mita za mraba 5,400. Kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza, pamoja na tabaka za chini, sh. 2,600 kwa mita ya mraba: 14,040,000. Mawe ya ukingo pande zote mbili, ukitoa mageti na makutano, mita 3,500 kwa sh. 1,400: 4,900,000. Jumla 18,940,000. Akapandisha hadi 20 akafunga kompyuta.

BQ kamili, yaani orodha ya kila kazi na vipimo na bei yake, ilipoandaliwa, vilivyosahauliwa vilijitokeza kimoja kimoja. Kuchimba sentimita 28 na kuusomba udongo, mita za ujazo 1,512 kwa sh. 600: 907,200. Nguzo fupi za zege 42 kwa sh. 12,000: 504,000. Mtaro wa maji mita 600 kwa sh. 4,500: 2,700,000. Alama na rangi: 1,100,000. Kuhamisha mabomba na nyaya, fedha ya kutenga: 1,500,000. Tumefika 25,651,200. Weka akiba ya dharura asilimia 10, unapata 28,216,320. Weka VAT asilimia 16: sh. 32,730,931.

Tofauti ya karibu milioni 13, na hakuna aliyeiba hata senti. Akiba na VAT peke yake ni zaidi ya milioni 7. Ukitaka kumbukumbu ya haraka, gawanya: mita moja ya njia iliyokamilika ni kama sh. 18,200, wakati hesabu ya kabro na ukingo peke yake ilikuwa inasema sh. 10,500. Yeyote anayekuletea bei ya njia, muulize swali moja tu: mtaro na VAT vimo?

Kwa kulinganisha, mgao wa Mombasa kutoka mapato ya kitaifa mwaka 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 7.6. Milioni 20 ni kama senti 26 katika kila shilingi mia ya mgao huo. Hazina ya kaunti haitayumba kwa kiasi hicho, lakini si vyote hivyo vinapatikana: sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na humo ndimo baiskeli inapogombana na zahanati, mitaro, masoko na madeni ya wakandarasi wa miaka iliyopita.

Wengine hushauri kutafuta ruzuku. Angalia kwanza kama mlango ni wako. Mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji, ulioanza 2018, ulihusu kaunti 45. Nairobi na Mombasa hazikuwamo. Mfano wa njia nzuri ya mji mwingine wa Kenya unaweza kuwa umelipwa na mfuko ambao sisi hatukuwa nao. Ushuru wa barabara unaokatwa kwenye mafuta nao una ugomvi wake: shilingi bilioni 10.5 za 2024/25 zilizozozaniwa na magavana na Bunge la Kitaifa ziliishia mahakamani. Usijenge mradi juu ya pesa inayogombaniwa.

Kukata urefu, kutokata ubora

Kuna 20, panatakikana 32.7. Mapendekezo ya kwanza mezani yalikuwa yale yale ya siku zote: punguza upana uwe mita 1.5, ondoa mtaro, tumia kabro ya milimita 60 badala ya 80.

Upana wa mita 1.5 kwa pande mbili hauwezekani. Baiskeli yenye makreti ya mikate inakula karibu mita moja peke yake. Kabro ya milimita 60 inafaa zaidi mahali pa miguu, na hapa mageti ya magari yanakatiza njia, kwa hiyo inaweza kuzama pale pale gari linapopita. Mtaro ndio mbaya zaidi kuuondoa. Kabro haivunjwi na baiskeli. Inavunjwa na maji yanayoingia chini, yanasomba mchanga wa milimita 30 hadi 50 uliotandazwa, tofali moja linazama, la pili linafuata, na mwezi wa Juni una shimo lenye kingo kali.

Uamuzi uliookoa mradi ulikuwa kukata urefu. Mita 1,050 zilizokamilika, kwa sh. 18,184 kwa mita, ni takriban sh. 19,093,000. Zinaingia kwenye 20. Mita 750 zilizobaki zikaandikwa awamu ya pili, kwa jina, katika ADP ya mwaka unaofuata. Na zile 1,050 za kwanza zikaanzia Buxton, mahali baiskeli zinapotokea. Kulikuwa na hoja ya kugawa: mita 525 kila wadi, ili kila mheshimiwa awe na ya kukata utepe. Hesabu ya siasa inaeleweka. Hesabu ya barabara inasema utakuwa na vipande viwili, zabuni mbili, na pengo katikati ambako mwendesha baiskeli anarudishwa kwenye matatu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Njia ya mita 525 huishia mbele ya stendi ya bodaboda.

Hoja ambayo kikundi hakikuitarajia ilitoka upande wa mapato. Njia ilikuwa inameza nafasi 40 za kuegesha magari. Kwa ada ya mfano ya sh. 100 kwa siku, siku 300, ni sh. 1,200,000 kwa mwaka kama kila nafasi inalipa kila siku. Afisa wa mapato ana haki ya kuuliza. Jibu halikuwa hotuba kuhusu mazingira. Kikundi kilihesabu magari yaliyokuwa na malipo halali kwa siku tano, asubuhi na alasiri, kikaweka jedwali mezani, na pia kikapendekeza nafasi 22 zihamishiwe mtaa wa pembeni. Mazungumzo yakaisha kwa kikao kimoja.

Nguzo na tuktuk

Kitu kimoja kwenye michoro kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndicho huamua kama njia itakuwa ya baiskeli au ya tuktuk. Mchoro wa kwanza uliweka nguzo kwenye kila mlango wa njia kwa nafasi ya mita 1.5, kipimo kinachozuia gari dogo. Mombasa adui si gari dogo. Tuktuk ya kawaida ina upana wa mita 1.3. Inapita katikati ya nguzo hizo huku dereva anaongea na simu.

Nafasi ikashushwa hadi mita 1.2, ndani kwa ndani. Tuktuk haipiti. Kiti cha magurudumu kinapita, baiskeli yenye makreti inapita. Mkokoteni mpana haupiti, na hili lilileta kelele kwa sababu mahamali wa Marikiti nao wanasukuma kwa nguvu za mwili. Kwa upana wa mita 3 tu, mkokoteni mmoja ukisimama umefunga njia. Wakaachiwa ukanda wa kushushia mizigo upande wa pili. Bodaboda haizuiwi na nguzo yoyote iliyowahi kusimikwa; hiyo ni kazi ya askari wa kaunti, na asidanganywe mtu.

Nguzo ni za zege, si za chuma. Hewa ya bahari hula chuma kisichozamishwa kwenye zinki kwa muda mfupi, na kisicholiwa na chumvi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa sababu hiyo hiyo mifuniko ya mtaro ni ya zege, na matundu yake yanakatiza mwelekeo wa safari. Tundu lililolala sambamba na gurudumu hukamata tairi nyembamba na kumtupa mtu mbele.

Mvua na hazina hazijuani

Bajeti imepita Juni, na tuseme mambo yakaenda ilivyozoeleka. Sheria ya ununuzi ya 2015 hairuhusu zabuni ianze bila pesa kutengwa, kwa hiyo idara inasubiri. Fedha kutoka Nairobi zinachelewa, na kila zinapoingia lazima Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe zitolewe kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti. Zabuni inatangazwa Novemba, tathmini Januari, mkataba Machi. Mkandarasi anaingia kazini Aprili.

Aprili hadi Juni ni masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Anachimba sentimita 28, panajaa maji. Moramu iliyoshindiliwa ikiwa tope haina nguvu hata ikipimwa. Kusubiri hawezi, kwa sababu Juni 30 idhini ya matumizi inakufa, na kisicholipwa kinarudi kuombwa upya. Kwa hiyo watu hushindilia tope, hutandaza kabro juu, hupiga picha, hulipwa. Mtu akikuuliza kwa nini kabro ya mtaa wake imekuwa mawimbi, muulize mwezi iliyotandazwa.

Dawa yake ni ya karatasi. Michoro, BQ na upimaji wa mabomba vikamilike kabla ya Juni, kwa bajeti ya mwaka unaoisha, ili tangazo litoke Julai, mkataba Oktoba, na kazi nzito ifanyike Januari hadi Machi, kaskazi ikiwa kavu. Mkataba uwe na malipo kwa mita zilizokamilika, si kwa tabaka: mita 350 zenye mtaro, ukingo, kabro na nguzo, cheti cha kwanza cha malipo. Pesa ikikatika katikati, unabaki na mita 350 zinazopitika badala ya mita 1,050 za mtaro mtupu.

Chunga pia mabadiliko ya mkataba. Kifungu cha 139 cha sheria ya ununuzi hakiruhusu ongezeko la jumla kupita asilimia 25 ya bei ya mkataba. Mkandarasi mjanja huingia na bei ya chini akijua mlango huo upo. BQ yenye mtaro na mabomba tangu mwanzo humnyima sababu.

Kikundi kilikuwa na kazi moja hapa, kuomba nakala. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Viliombwa vitu vitatu tu: BQ iliyotiwa saini, vyeti vya malipo, na ripoti ya kushindilia tabaka la chini. Hicho cha tatu ndicho kinachowatoa watu jasho.

Baada ya utepe

Njia ikishafunguliwa, mchanga unaingia kati ya kabro, chupa zinavunjika, nguzo inagongwa. Kukadiria asilimia 2 ya gharama kwa mwaka, kwa mita 1,050 ni kama sh. 382,000: vibarua wawili wa kufagia kwa awamu, kabro za kubadilisha, rangi. Hii haitoki kwenye maendeleo. Inatoka kwenye matumizi ya kawaida, kitabu kingine, mstari mwingine, na isipoandikwa Februari haipo Julai. Miradi mingi huwa na pesa ya kuzaliwa tu.

Kilichobaki kwa mkandarasi ni fedha iliyozuiliwa kwenye malipo yake. Kwa asilimia 5, ni kama sh. 955,000, na kipindi cha kurekebisha dosari kikiandikwa miezi 12 lazima masika moja ipite juu ya kazi yake kabla hajalipwa. Ukaguzi wa kuachia pesa hiyo ufanyike wiki ya kwanza ya Juni, asubuhi baada ya mvua, kwa rula ndefu ya mita 3 na baiskeli yenye mzigo. Palipotuama maji, chora duara kwa rangi, piga picha na nambari ya mita kutoka Buxton, na orodha hiyo iambatanishwe na barua kabla cheti cha mwisho hakijatiwa saini.